Wimbo wa Sauti Moja

Mwezi wa Agosti mwaka 1248, bandarini Marseille kusini mwa Ufaransa, bwana mmoja aitwaye Jean de Joinville alipanda merikebu kwenda vitani. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa, farasi wakaingizwa tumboni mwa chombo, kisha mlango ukafungwa na nyufa zake zikazibwa zote, kwa kuwa chombo kikiwa safarini mlango huo hukaa chini ya maji. Nahodha akawauliza mabaharia wa omo kama kazi imekwisha. Alipojibiwa kwamba imekwisha, akawaita makasisi waje mbele waimbe. Wakaimba Veni Creator Spiritus, utenzi wa kumwomba Roho Mtakatifu, na tanga likatwekwa. Joinville alikamilisha kitabu chake mwaka 1309, akiwa mzee sana, na bado aliukumbuka wimbo ulioimbwa siku ile alipokuwa kijana.

Wimbo huohuo ni wa Eldoret pia. Ibada ya Kikatoliki ya kumweka wakfu askofu ina mahali pake pa kuuimba, kwa hiyo ni wimbo unaolihusu moja kwa moja jimbo letu, ambalo mwaka 2024 lilipata askofu msaidizi. Na yeyote aliyekuwa mbele ya televisheni jioni ya tarehe 7 Mei 2025 aliwasikia makardinali wakiuimba mjini Roma walipoingia kumchagua Papa mpya: wazee zaidi ya mia moja kutoka kila bara, bila kinanda cha kuwashika mkono, wote kwenye mstari mmoja wa sauti.

Mstari huo mmoja ndio ninaotaka kuusifu hapa. Sisi wa Sisibo, yaani Eldoret, tumelelewa na kwaya za sauti nne. Soprano inaongoza, alto inajaza, tenori inachomoza pale inapotakiwa, besi inaweka sakafu, halafu kinanda, ngoma na kayamba vinaingia na kanisa zima linasimama. Napenda uimbaji huo na sitaki upungue. Lakini kuna ufundi mwingine, wa zamani zaidi, ambamo watu wote wanaimba noti ileile kwa wakati uleule na hakuna kitu kingine chochote kinachosikika. Mtu akikosea hana pa kujificha. Neno likitamkwa ovyo, linasikika ovyo hadi mlangoni. Watungaji wa enzi za Vita vya Msalaba waliufikisha ufundi huo mbali sana, na sehemu ya kazi yao imehifadhiwa vizuri kuliko ngome zilizojengwa wakati huo.

Tuanze na Veni Creator, kwa kuwa muundo wake hautushangazi. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu aliyefundishwa ushairi ataupima kwa dakika chache: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande kina mizani nane. Ni kipimo kilekile cha utenzi. Kwa mapokeo, maneno yake yanahesabiwa kuwa ya Rabanus Maurus, abate wa Fulda nchini Ujerumani, aliyefariki mwaka 856. Huku kwetu, washairi wa Pate na Lamu walikuja kutumia vipande vinne vya mizani nane kusimulia vita, ndoa, mauti na mafundisho ya mama kwa binti. Sidai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Ninachoona ni kwamba mizani nane inatosha pumzi moja ya mtu asiye na haraka, na kipande cha urefu huo kinakaa kichwani bila karatasi. Mwimbaji anayejua ataingia ubeti wa saba akiwa na nguvu aliyoanza nayo ubeti wa kwanza.

Tofauti iko kwenye vina. Mshairi wa utenzi hufunga vipande vitatu kwa kina kimoja, kisha kipande cha nne hurudia kina kinachopita katika beti zote, mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo sikio linakisubiri. Mtunzi wa Veni Creator hakujibana hivyo. Kazi ya kufunga ubeti aliiachia sauti. Kipande cha kwanza kinaanzia kwenye so, kinazunguka hapohapo kwa la na fa, halafu kinaruka hadi do ya juu. Mruko huo mmoja ndio unaoukumbuka ukitoka kanisani. Vipande vya katikati vinatembea huko juu, na kipande cha nne kinarudi chini hadi kwenye so ileile ya mwanzo, tayari kwa ubeti unaofuata. Wimbo mzima hautoki nje ya oktavo moja. Mzee anaweza kuuimba, mtoto anaweza kuuimba, na baharia wa Marseille, akiwa na upepo usoni, aliweza kuuimba.

Historia ya vita vyenyewe inajulikana na nitaipita upesi. Novemba mwaka 1095, Papa Urban wa Pili alitoa mwito mjini Clermont. Mwaka 1099 Yerusalemu ilitekwa, na wakazi wake, Waislamu na Wayahudi, wakauawa kwa wingi wa kutisha. Salahuddin aliutwaa mji mwaka 1187. Akka, ngome kubwa ya mwisho ya Wazungu kwenye pwani ya nchi takatifu, ilianguka mwaka 1291. Katika miaka hiyo karibu 200 kulikuwa na nyimbo za kuwaita watu waende, nyimbo za waliokuwa njiani, na nyimbo za waliobaki.

Za kuwaita watu zilitungwa kwa ustadi, na hilo linapaswa kusemwa pamoja na ubaya wa kazi zilizotumwa kufanya. Chevalier, mult estes guariz ulitungwa kuwavuta mashujaa wamfuate Mfalme Louis wa Saba katika vita vya pili, karibu mwaka 1147. Kiitikio chake kinaahidi kwamba anayekwenda na mfalme hana sababu ya kuogopa jehanamu. Kiitikio ni chombo chenye nguvu kwa sababu kinamtia maneno mdomoni hata asiyeyajua mashairi: akishakiimba mara tatu amekwisha kula kiapo bila kuketi chini kufikiri. Jeshi lile lilishindwa mbele ya Damaski mwaka 1148, na wengi hawakurudi. Mji wetu, ambao nje yake kidogo kanisa la Kiambaa lilichomwa moto tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu ndani, una sababu ya kuzichunguza kwa makini sauti zinazowafanya majirani wajione kuwa jeshi. Ndiyo maana mimi nasoma muundo wa nyimbo hizi za mwito kwa uangalifu kuliko nyingine. Nataka kujua mtego ulivyofumwa.

Zile za njiani na za nyumbani ni bora zaidi, nami nasema hivyo nikipima ufundi peke yake. Walther von der Vogelweide, mshairi wa Kijerumani aliyefariki karibu mwaka 1230, alitunga wimbo ambao siku hizi huitwa Palästinalied, Wimbo wa Palestina. Anayeimba ni mtu aliyefika nchi takatifu na kukanyaga kwa miguu yake mahali alipokuwa akipasikia tu. Kwa muda mrefu maneno yake yalijulikana bila sauti yake, hadi mwaka 1910 vipande vya hati ya kale vilipopatikana mjini Münster vikiwa na noti. Tangu hapo umekuwa mmojawapo wa nyimbo za kale zinazoimbwa sana duniani.

Uzuri wake uko katika uchumi wake. Ubeti una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaimbwa, kisha sauti ileile inarudiwa kwa maneno mengine, halafu sehemu ya tatu inapanda na kufungua njia mpya. Hapo msikilizaji anadhani ameshapelekwa pengine kabisa. Lakini mkia wa sehemu ya tatu ni mkia wa ile ya kwanza: mtunzi alikuwa ameuweka akiba. Kwa hiyo mtu anaenda mbali na anarudi, ndani ya mishororo saba, kila ubeti. Sauti hiyo iko katika ngazi inayoanzia re, ngazi ambayo haina furaha ya wazi wala huzuni ya wazi, na mimi naamini ilimfaa mtu aliyefika alikokuwa akienda lakini bado yuko mbali na kwao. Wataalamu wengine wanaona kwamba Walther aliichukua sauti kutoka kwa Jaufre Rudel, mshairi wa kusini mwa Ufaransa aliyetangulia kwenda vitani mwaka 1147. Kama ni kweli, haimpunguzii kitu. Kuweka maneno mapya juu ya sauti inayojulikana ni kazi ya heshima, na kila mwalimu wa kwaya wa Uasin Gishu amewahi kuifanya.

Upo pia wimbo wa Kifaransa ambao mara nyingi husemwa kuwa wa Guiot de Dijon, Chanterai por mon corage. Anayezungumza humo ni mwanamke ambaye mpenzi wake amekwenda ng'ambo. Haimbi habari za vita. Anaimba ili apate kustahimili, na kiitikio chake ni dua kwa ajili ya msafiri. Ukiuweka kando ya kiitikio cha Chevalier utaona chombo kilekile kikifanya kazi tofauti kabisa: kule kinakusukuma, hapa kinakupa mahali pa kukaa kidogo kabla ya ubeti mwingine. Huo ndio ninaoupenda kuliko zote.

Hati nyingi za nyimbo hizi zinatuonyesha noti ipi iko juu na ipi iko chini, lakini hazisemi ikae kwa muda gani. Mwendo ulikuwa ukijulikana kwa aliyeimba, basi hakuna aliyeona haja ya kuuandika. Ndiyo sababu rekodi mbili za wimbo mmoja zinaweza kutofautiana sana. David Munrow wa London na kundi lake walirekodi santuri nzima ya nyimbo za Vita vya Msalaba mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaweka zumari, vinubi na ngoma, na watu wengi walizifahamu nyimbo hizi kwa njia yao. Wengine baadaye waliziimba kwa sauti tupu, wakiacha neno liamue urefu wa noti. Mimi niko upande wa sauti tupu. Ngoma ikiingia tu, tayari umemwamulia mshairi mahali pa kuweka mkazo, na mkazo wake ulikuwa kwenye maneno.

Ufundi huu si mgeni kwa wanakwaya wetu kama unavyoweza kuonekana. Mwalimu wa kwaya wa Langas au Kapsoya anapoandika solfa ubaoni, do re mi, anatumia majina yanayotokana na yale yaliyotolewa na mtawa Guido wa Arezzo karibu mwaka 1025, miaka 70 hivi kabla ya mwito wa Clermont. Guido aliyachukua kutoka silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao sauti yake ilipanda hatua moja kwa kila mstari. Nia yake ilikuwa kumwezesha mtoto aimbe wimbo ambao hajawahi kuusikia. Kabla yake, mwimbaji alihitaji miaka mingi kando ya mwalimu ili azijue nyimbo zote kwa moyo. Kwa hiyo wanakwaya wa Eldoret wana ufunguo wa Palästinalied mkononi tayari, na wanaweza kuufungua leo jioni.

Nije sasa kwenye wimbo ninaouona kuwa kilele cha ufundi huu, Salve Regina, ambao Mkatoliki wa Eldoret anaujua kwa maneno ya Kiswahili kama Salamu Malkia, hata kama ni kwa kuusema tu mwishoni mwa rozari. Habari za mtunzi wake zimeshikana na Vita vya Msalaba kama mizizi. Wako waliosema ni kazi ya Adhemar, askofu wa Le Puy, mwakilishi wa Papa katika vita vya kwanza, aliyefia Antiokia tarehe 1 Agosti 1098. Maandishi fulani ya kale yaliuita wimbo wa Le Puy. Wengine waliutaja kuwa wa Hermann wa Reichenau, mtawa mlemavu aliyekuwa mtaalamu wa nyota, hesabu na muziki, aliyefariki mwaka 1054. Kisha ipo hadithi ya Speyer: kwamba Krismasi ya mwaka 1146, Bernard wa Clairvaux akiwa Ujerumani kuhubiri vita vya pili, aliingia katika kanisa kuu wakati wimbo unamalizika, akaongeza papo hapo miito mitatu ya mwisho. Wataalamu hawaikubali hadithi hiyo. Lakini naelewa kwa nini watu waliipenda, maana miito ile mitatu inasikika kweli kama kitu kilichomtoka mtu bila kupanga.

Wimbo huu una sauti mbili zinazojulikana sana. Ile nyepesi ni ya karne nyingi baadaye. Inaanza kwa kupanda: do, mi, so, la, so. Ni rahisi, inachangamka, na mkutano mkubwa unaweza kuishika. Ile ya kale, ambayo huimbwa siku za heshima, inaanza kwa kushuka: la, so, la, halafu chini kabisa hadi re. Maneno ni yaleyale, salamu kwa malkia. Katika sauti nyepesi anayesalimu anainua kichwa. Katika sauti ya kale anainama kwanza. Mruko ule wa kwenda chini, noti tano kwa mara moja, ndio mtihani wa mwimbaji. Asiyejua huuteleza, akaburuta sauti kutoka juu hadi chini na kuchafua njia nzima. Anayejua huisikia re kichwani kabla hajaitoa, akaiweka palepale, nyepesi, bila kuikanyaga.

Kisha mtunzi anafanya jambo la hekima. Mwito wa pili anaupa sauti ileile ya mwito wa kwanza, karibu bila kubadilisha kitu, ili msikilizaji aishike. Baada ya hapo harudii tena. Maneno yanaingia kwenye kilio cha watu waliofukuzwa kwao, na sauti inaanza kufuata maana ya kila neno: inapanda pale watu wanapomwita Maria, inashuka hatua kwa hatua pale wanapougua. Hakuna kipimo cha mizani humu, hakuna vina vya kushikilia. Kinachozuia wimbo usitawanyike ni ngazi yenyewe, kwa kuwa kila sentensi, hata ikipanda vipi, inajua njia ya kurudi kwenye re. Mtunzi wa utenzi hushikwa na kina cha kipande cha nne, na mtunzi wa Salve hushikwa na noti moja ya nyumbani. Mwishoni kuna miito mitatu. Kila mmoja unaanza na silabi moja tu, na silabi hiyo inabebeshwa noti kadhaa mfululizo kwa pumzi isiyokatika, kabla neno halijaja.

Wamonaki wa Kitrapisti huimba Salve kila usiku, sala ya mwisho ikiisha, taa zikiwa zimezimwa na mshumaa ukiwaka mbele ya sanamu ya Mama Maria. Hao ni watawa wa ukoo wa Bernard. Kwa zaidi ya nusu karne waliuimba katika Bonde la Ufa, kusini mwa Eldoret, kwenye monasteri yao ya Lumbwa huko Kipkelion, iliyoanzishwa mwaka 1956 na wamonaki kutoka Tilburg, Uholanzi. Vurugu za baada ya uchaguzi ziliwaondoa. Mwaka 2008 walihamia Uganda, na huko wanaendelea. Katika siku hizohizo za Januari 2008, ua wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu hapa Eldoret, chini ya Askofu Cornelius Korir, ulikuwa umejaa watu kama 10,000 waliokimbia makwao. Sijui sala nyingine ya kila siku ambayo maneno yake yaliwafaa zaidi watu wale kuliko hii ya waliohamishwa. Wimbo ambao hadithi yake inauhusisha na mhubiri wa vita umeishia kuwa wimbo wa waliokimbia vita, na sauti yake, ile inayoanza kwa kuinama, ilikuwa upande wao tangu mwanzo.

Ng'ambo ya pili ya vita vile watu nao walikuwa wakiimba. Joinville na mfalme wake walipotoka Ufaransa walielekea Misri. Walitwaa Dimyati Juni 1249, wakapigwa Mansura mwaka uliofuata, na mfalme akatekwa. Misri hiyohiyo, katika miaka hiyohiyo, ndiko alikoishi al-Busiri, aliyezaliwa karibu mwaka 1212, mtunzi wa Burda na Hamziya, kasida mbili za kumsifu Mtume. Msikilizaji wa pwani ya Kenya hahitaji kuambiwa Burda ni nini. Hamziya ilitiwa Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate, na ni miongoni mwa kazi kongwe kabisa za lugha yetu zilizohifadhiwa kwa maandishi. Kwa hiyo nyimbo za pande mbili za vita vile, Veni Creator na kasida za al-Busiri, zote zimo Kenya leo, zote zinaimbwa kwa sauti moja, na zote zinamtaka mwimbaji atunze pumzi na aheshimu silabi.

Na kuna Herakli, Kaisari wa Rumi aliyepigana na Waajemi na kisha na Waarabu katika karne ya 7. Historia kubwa ya Vita vya Msalaba iliyoandikwa kwa Kilatini na William wa Tiro ilipofasiriwa Kifaransa, watu waliiita kwa jina la Kaisari huyo, Eracles, kwa kuwa simulizi inaanza naye. Mwaka 1728, kisiwani Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, kuhusu vita vya Waislamu na Kaisari huyohuyo. Una beti zaidi ya elfu moja, za kuimbwa. Wasimulizi wawili wasiojuana, mmoja kila upande, walimwona Herakli amesimama mlangoni mwa hadithi yao. Mwengo ni fundi wa daraja la juu. Kushika kina kimoja cha mwisho kwa beti zaidi ya elfu bila kumchosha msikilizaji ni kazi ambayo sijaona mwenzake katika nyimbo za Ulaya nilizozitaja, na ningependa wanaozisifu waijue.

Je, wimbo wa sauti moja una nafasi Eldoret, kwenye Jumapili zetu zenye kelele nzuri? Naamini unayo, na ningeiomba kwaya yoyote iujaribu mara moja kwa mwezi bila kinanda. Kiswahili kinaupokea vizuri. Silabi zetu karibu zote zinaisha na vokali, kwa hiyo sauti haikatiki katikati ya neno, na mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unakubaliana na miisho mingi ya sauti za Kilatini. Ila pale ambapo maneno ya Kiswahili ni marefu kuliko ya Kilatini, msibanane silabi ili kuifuata noti. Rudieni noti ileile kwa silabi ya ziada, kama zaburi inavyoimbwa, kisha mwendelee.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuimba kwa nguvu. Mkimbiaji wa hapa kwetu anayejua urefu wa njia hamalizi pumzi yake kwenye kilomita ya kwanza, hasa katika mwinuko huu wa zaidi ya mita 2,000 ambapo hewa ni haba, na mwimbaji wa Salve naye anapaswa kuanza akiwa na akiba. Toeni la ya kwanza mahali ambapo mwenye sauti nzito anaifikia re ya chini bila kunguruma, kwa kuwa wimbo utashuka hapo mara nyingi. Msikazie macho kuhesabu. Semeni maneno kwanza, polepole, wote pamoja, hadi mnyamaze mahali pamoja bila kuongozwa, ndipo muweke sauti juu yake.

Kwa ile miito mitatu ya mwisho, mwalimu awapange waimbaji wavute pumzi kwa zamu. Jirani wawili wasivute pamoja, na anayevuta aache katikati ya noti, si kwenye badiliko la noti, kisha arudi taratibu bila kuigonga silabi upya. Watu kumi na wawili wanatosha. Mazoezi ya jioni mbili yanatosha kwa miito hiyo, na wimbo uliobaki unahitaji mwezi mmoja.